Kadi ya kwanza ya mkopo kwa asiye na historia benki

Msomaji wa Chake Chake ameniandikia wiki hii. Mshahara wake unapitia benki, hadaiwi na mtu, lakini ombi lake la kadi ya mkopo limekataliwa. Wengi Unguja na Pemba wanalijua jibu hilo.

Kwa benki, kutodaiwa hakutoshi. Inataka kuona kwamba uliwahi kukopa na ukalipa. Mabenki hupeleka taarifa za mikopo kwenye kanzidata ya Benki Kuu ya Tanzania, na kampuni zenye leseni, kama Creditinfo na Dun & Bradstreet, huzitolea ripoti. Basi omba ripoti yako kabla ya kuomba kadi, na kitu cha kwanza kuangalia ni jina. Kitambulisho cha Mzanzibari kinasema Mohd, cha NIDA kinasema Mohammed, akaunti inasema Muhammad; mkopo uliolipa vizuri unaweza kuwa umekaa kwenye faili ambalo halisomeki kuwa lako. Halafu angalia vimikopo vya simu. Elfu tano iliyobaki kwenye laini uliyoitupa yaweza kusomeka deni sugu. Ilipe, kisha dai marekebisho kwa maandishi.

Faili likiwa safi lakini tupu, usishawishike na limiti kubwa, yaani kikomo cha unachoweza kukopa kwa kadi. Omba kadi inayodhaminiwa na amana yako mwenyewe: unaweka, tuseme, shilingi milioni moja, benki inaizuia, inakupa limiti isiyozidi hapo. Kabla ya kusaini uliza kama amana hiyo inaendelea kupata faida, na kama malipo yako yataripotiwa kuwa ya mkopo. Jibu la swali la pili likiwa hapana, achana nayo. Kadi ya ATM na ile ya kujaza pesa kwanza hazikujengei historia hata ukizitumia kila siku.

Sasa tarehe, na hapa ndipo watu wanapoumia. Chukua kadi inayofunga hesabu, yaani kujumlisha manunuzi ya mwezi, tarehe 25 na kudai malipo tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Ukinunua Machi 24, una siku 22 za kulipa bila nyongeza. Ukinunua Machi 26, manunuzi yanaingia hesabu ya Aprili 25, unalipa Mei 15: siku 50. Nafuu hiyo ni ya anayelipa deni lote. Chukulia unadaiwa 600,000, riba ni asilimia 3 kwa mwezi na kiwango cha chini cha kulipa ni asilimia 5. Utatoa 30,000, riba itakula 18,000, deni litapungua 12,000 tu. Kiwango cha chini kinakuepusha na faini, hakikutoi kwenye deni. Na usitoe fedha taslimu kwa kadi hii kwenye ATM: kwa kawaida ada hukatwa papo hapo na riba huanza siku ile ile.

Ndugu zangu wa mahotelini Nungwi na Paje, msiingie masika na deni la kadi. Aprili na Mei hoteli nyingi hufunga au hupunguza wafanyakazi, lakini tarehe ya kulipa haisubiri wageni warudi. Anayetegemea karafuu naye apange hivyo hivyo kwa msimu wake.

Kwa anayejiepusha na riba, kadi hizi za kawaida si njia yake, wala asilazimishwe. Aende kwenye huduma za Kiislamu za benki, Benki ya Watu wa Zanzibar (PBZ) wanazo, aulizie murabaha mdogo wa kununulia chombo cha kazi (benki inakinunua, kisha inakuuzia kwa awamu na faida inayojulikana), na kama marejesho yake yanaripotiwa. Akilipa kwa wakati, faili lake nalo linajaa.

Siku ukifunga kadi, lipa hadi sifuri na subiri hesabu moja zaidi ifungwe, kwani ada ya mwaka au manunuzi ya mtandaoni huweza kuingia kwa kuchelewa. Ndipo udai barua ya kumaliza deni na amana yako ifunguliwe.