Sukari ya nazi: maswali sita ya wasomaji

Maswali kuhusu sukari ya nazi yamekuwa yakiongezeka, nami nimechagua sita ya kujibu hapa. La pili nimelijibu kwa urefu kuliko mengine kwa sababu linahusu afya ya mtu ambaye tayari ameanza kuumia.

Sukari hii hutengenezwa kwa nazi au kwa tui? Nimeionja, sikusikia ladha ya nazi hata chembe.

Ulimi wako haukukosea. Sukari hii haitoki kwenye nazi, wala dafu, wala tui. Inatokana na tembo, yale maji matamu yanayodondoka pale mgema anapokata ncha ya shada la maua ya mnazi likiwa bado limefungwa ndani ya karara. Tembo likiwa bichi huwa na sukari kiasi cha asilimia 15. Ukiliacha saa chache tu, hamira zinazojileta zenyewe huanza kuila ile sukari, na tembo tamu hugeuka tembo kali.

Kwa hiyo anayetaka sukari hana muda wa kupoteza. Hugema asubuhi na jioni, na wengine hutia chokaa kidogo ndani ya chombo ili tembo lisichachuke mapema. Kisha hulichemsha kwenye karai pana hadi liwe zito kama asali, huliepua, na hulikoroga bila kupumzika hadi lifanye chenga. Maji yanayopotea ni mengi: kilo moja ya sukari huhitaji tembo la lita saba hivi. Ile rangi ya kahawia na ile harufu ya sukari iliyoungua kidogo ni kazi ya moto. Na shada linalogemwa halizai nazi, jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Mkulima huwa ameamua kuacha nazi ili apate tembo. Nchi zinazojulikana sana kwa kazi hii ni Indonesia na Ufilipino.

Nina kisukari aina ya pili. Aliyeniuzia alisema sukari ya nazi haipandishi sukari mwilini. Nimeitumia miezi miwili, vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vinne kwa siku. Vipimo vyangu vimepanda. Je, niongeze dawa?

Pole sana, na nakushukuru kwa kuandika. Usiongeze dawa kwa uamuzi wako. Kipimo chako kinasema kweli, na aliyekuuzia hakukuambia kweli.

Asilimia 70 hadi 80 ya sukari ya nazi ni sukrosi, yaani kitu kile kile kilichomo kwenye sukari nyeupe. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni glukosi na fruktosi. Tumbo halitambui kama sukrosi imetoka kwenye muwa au kwenye mnazi: huivunja na kuipeleka kwenye damu.

Najua maneno ya muuzaji yalikoanzia. Kuna kipimo kiitwacho fahirisi ya glaisemia, kinachoonyesha chakula kinapandisha sukari ya damu kwa kasi gani, glukosi yenyewe ikiwa 100. Watafiti wa lishe wa Ufilipino walitangaza kwamba sukari ya nazi ni 35, na namba hiyo ikaenea duniani kote hadi kwenye vifungashio. Waliopimwa walikuwa watu 10 tu. Chuo Kikuu cha Sydney, kinachotunza orodha kubwa ya vipimo hivi, kiliipima kikapata 54, wakati sukari ya kawaida huwa kama 60 hadi 65. Tofauti ipo, lakini ni ndogo, na miili ya watu hutofautiana hata kuliko hiyo.

Tena fahirisi inazungumzia kasi tu. Haisemi umekula kiasi gani, na kwako wewe tatizo liko kwenye kiasi. Kijiko kimoja cha chai ni gramu 4 hivi. Vijiko vitatu mara vikombe vinne ni gramu 48 kwa siku. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku nzima, sawa na gramu 50 kwa mtu anayekula kilokalori 2,000, na linaona nusu ya hapo ni bora zaidi. Chai yako peke yake imekaribia kumaliza kiwango cha juu cha mtu asiye na kisukari, kabla hujala kitu kingine chochote.

Nenda kliniki yako na daftari la vipimo, uwaeleze waziwazi: vijiko vingapi, vikombe vingapi, tangu lini. Usione haya, wanahitaji kujua ili wakusaidie. Kama unatumia insulini au vidonge vinavyoweza kushusha sukari kupita kiasi, zungumza nao pia kabla ya kukata sukari yote kwa ghafla, maana dozi huenda ikahitaji kurekebishwa. Wakikubali, punguza kijiko kimoja kwanza, kaa hivyo wiki moja au mbili, kisha punguza kingine. Ulimi huzoea.

Natamani sana kila mgonjwa wa kisukari alisikie hili. Sukari ya nazi ihesabiwe kijiko kwa kijiko kama sukari nyingine yoyote. Neno "asilia" lililoandikwa kwenye pakiti halipunguzi hata gramu moja.

Lakini si ina madini? Nimesoma kuhusu potasiamu, chuma na zinki.

Yamo, kwa sababu sukari hii haisafishwi hadi kubaki nyeupe. Tufanye hesabu kwa potasiamu, ambayo ndiyo nyingi. Gramu 100 huwa na takriban miligramu 1,000, kwa hiyo kijiko cha chai kina kama 40. Ndizi moja ya wastani ina miligramu 400 hivi. Ungehitaji vijiko kumi vya sukari kupata kilichomo kwenye ndizi moja. Kula ndizi.

Naweza kuitumia kwenye keki kwa kipimo kile kile cha sukari nyeupe?

Ndiyo, kijiko kwa kijiko, na hapa naisifu kwa moyo wote. Kwenye keki ya ndizi, ya karoti, ya tangawizi au ya chokoleti, huleta utamu wenye kina ambao sukari nyeupe haiwezi kuutoa. Ila chenga zake ni nene na huchelewa kuyeyuka. Isage kwanza, au ichanganye na mayai au maziwa uiache dakika kumi kabla ya kutia unga. Ukiipiga na siagi haitajaa hewa vizuri kama ile nyeupe, kwa hiyo keki itashikana kidogo zaidi. Rangi itakuwa ya kahawia tangu mwanzo, basi usiamini macho kujua kama imeiva, chomeka kijiti. Ute wa yai wa kupiga hadi uwe mweupe na mgumu, usiutilie sukari hii. Na ukitaka kuiyeyusha kwenye sufuria bila maji, weka moto mdogo, maana huungua mapema.

Mwanangu ana miezi kumi. Nimtilie kidogo kwenye uji badala ya sukari nyeupe?

Hapana, wala hiyo nyeupe. Mtoto wa chini ya miaka miwili hahitaji sukari ya kuongezwa ya aina yoyote, na huu ni wakati ambao ulimi wake unajifunza vyakula. Ponda ndizi au embe lililoiva ukorogee kwenye uji. Meno yake yanayochomoza yatanufaika pia, kwa sababu bakteria wa kinywani huila sukrosi ya mnazi kama wanavyoila ya muwa.

Nitajuaje kama imechanganywa na sukari ya miwa? Na hii yangu imeganda kama jiwe, je, imeharibika?

Kwa macho na ulimi ni vigumu sana. Rangi haitoshi, kwa kuwa hubadilika kulingana na moto na msimu. Maabara zinaweza, na njia yao inapendeza: muwa na mnazi huchukua kaboni ya hewani kwa njia mbili tofauti, na alama ya tofauti hiyo hubaki ndani ya sukari yenyewe, hivyo kipimo cha kaboni huonyesha kama muwa umeingia. Wewe nyumbani, soma orodha ya viambato. Iwe na kitu kimoja tu. Jihadhari pia na maneno "sukari ya mitende" au "sukari ya michikichi", ambayo inaweza kutoka kwenye mti mwingine kabisa wa jamii hiyo.

Kuganda si kuharibika. Sukari hii hunyonya unyevu wa hewani kwa urahisi. Iponde kwa mchi, kisha iweke kwenye chombo kikavu chenye mfuniko unaobana.