AC ikikata unapokanyaga mafuta, usikimbilie kujaza gesi

Tulikuwa tunapandisha Kitonga tukitokea Ruaha Mbuyuni, saa nane mchana, watoto wamelala kiti cha nyuma. Nilipokanyaga mafuta gari lipande, hewa ya baridi ikageuka vuguvugu na taa ya kitufe cha AC ikaanza kuwaka na kuzima. Nikakizima kitufe, nikakiwasha, baridi ikarudi. Mwinuko uliofuata, yale yale.

Fundi wa kwanza alijaza gesi bila kupima presha. Wa pili akasema kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya AC, imekufa. Iliniuma, maana jibu lilikuwa kwenye ile taa muda wote. Toyota nyingi za zamani zina sensa inayolinganisha mzunguko wa kompresa na wa injini. Kompresa ikibaki nyuma, AC inakatwa makusudi ili mkanda unaoizungusha usiharibike, na taa inakuarifu. Mkanda wangu ulikuwa umelegea, upande wa ndani unang'aa kama kioo. Ukikanyaga ghafla, unateleza kwenye puli. Mkanda mpya, ukakazwa sawasawa, tatizo likaisha.

Kwa hiyo angalia kwanza AC inakata vipi. Mtu apige resi huku AC imewashwa, wewe usikilize mbele, mikono na nguo mbali na feni. Ukisikia mlio mkali, shuku mkanda. Tazama na kompresa: puli huzunguka wakati wote, ila bamba lake la mbele huzunguka pale tu klachi ya kompresa inaposhika.

Baridi ikipotea sekunde chache tu umekanyaga mpaka mwisho, kisha ikarudi yenyewe, si ugonjwa. Magari mengi ya injini ndogo hupumzisha kompresa ili injini ipate nguvu. Mshale wa joto ukipanda, hilo ni jambo jingine: zima AC, egesha, shughulikia rejeta. Na kwa magari ya Kimarekani ya zamani, upepo ukihama kutoka dashibodi kwenda kwenye kioo cha mbele, tafuta mpira wa vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) uliopasuka.

Gesi ikipungua, utateseka zaidi kwenye foleni, injini ikizunguka polepole bila kukanyagwa mafuta. Gari linalopoza vizuri foleni ya Ubungo halafu likakata mlimani, gesi iwe ya mwisho kushukiwa. Mweleze fundi hivyo, na umwombe afunge geji asome presha kabla hajagusa mtungi.