Faiba ikikatika Dar: maswali yenu, majibu ya fundi mkuu

Kaka, intaneti ilikatika dukani kwangu Kariakoo asubuhi, ikarudi usiku. Kuunga waya mmoja kunachukua siku nzima?

Pole sana dada. Kuunga uzi mmoja ni kazi fupi: unaumenya, unausafisha kwa spiriti, unaukata ncha iwe sawasawa, kisha mashine inauyeyusha na mwenzake kwa sekunde chache. Lakini kebo kubwa ya mtaani huwa na nyuzi 96 au 144. Kila uzi ni kioo chenye unene wa mikroni 125, na kila mmoja lazima ukutane na mwenzake wa rangi ileile. Ukizichanganya, umewaacha wateja wa nyuzi zote mbili gizani.

Kinachokula muda zaidi ni kupajua palipokatika. Tunapima kutoka kituoni kwa OTDR, kifaa kinachorusha mwanga ndani ya uzi na kusoma ule unaorudi. Kinatuambia, tuseme, mita 3,420. Hizo ni mita za kioo, si za barabara! Kwenye chemba nyingi, yale mashimo yenye mifuniko kebo inamopita chini ya barabara, mafundi waliotangulia waliacha kebo ya akiba imezungushwa, mita 20 hapa, 30 kule. Kama hawakuandika, mtachimba mbali kabisa na penye jeraha, tena kwa kibali cha mwenye barabara, na masika chemba zimejaa maji. Ndiyo maana kwangu kazi haijaisha mpaka ramani irekebishwe, hata kama wateja wote wamesharudi hewani. Wapo mafundi wanaoniona mgumu kwa hili. Sitalegeza, kwa sababu anayelipa gharama ya ramani mbovu ni wewe unayekaa dukani bila huduma.

Jirani yangu alirudishiwa kabla yangu. Mna upendeleo?

Kuna mpangilio, na ni mimi ninayeupanga. Nyuzi zinazobeba hospitali na minara ya simu hutangulia. Baada ya hapo tunafuata mirija ya kebo, yaani vijibomba vya ndani vinavyobeba mafungu ya nyuzi, ilivyopangwa, kwa hiyo nyumba mbili zinazopakana zinaweza kupishana kwa saa kadhaa.

Kifaa changu kimewaka taa nyekundu ya LOS. Nifanye nini?

Taa hiyo maana yake mwanga haufiki. Angalia kama ule waya mwembamba umekunjwa au umebanwa na kabati. Faiba haipendi kona kali. Usiuchomoe ukachungulia ndani: mwanga wake hauonekani kwa macho, lakini unaweza kuyadhuru. Kama waya uko sawa, tupigie.

Wezi wanaokata kebo wanauza wapi?

Hawana pa kuuza. Wanatafuta kopa, wanakuta kioo kisichonunulika kwenye vyuma chakavu. Mtaa mzima unaumia bure. Tafadhali, mwelezeni kila mtu mtaani.

Mei 2024 intaneti ilizorota nchi nzima. Nanyi mlihusika?

Hapana. Tarehe 12 Mei zilikatika kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, upande wa Msumbiji na Afrika Kusini. Waya za jiji zilikuwa nzima. Kebo za bahari kuu hurekebishwa na meli maalumu.

Shikamoo. Nimemaliza umeme VETA na nataka siku moja niongoze kikosi cha faiba. Nianzie wapi?

Marahaba, mdogo wangu. Anzia kwenye kuunga, mpaka kila kiungo chako kipoteze mwanga chini ya desibeli 0.1 (desibeli ni kipimo cha mwanga unaopotea) bila kubahatisha. Kisha jifunze hesabu ya mwanga: kigawanyo, kifaa kinachogawa mwanga wa uzi mmoja kwa nyumba 32, peke yake hula desibeli kama 17, kwa hiyo kilichobaki si cha kuchezea. Kiongozi ndiye anayesema "kata, rudia" saa nane usiku, wakati kila mtu amechoka na kiungo kibovu kinaonekana kama kitapita. Kitapita leo, na mwezi ujao mtarudi chemba ileile.

Na kabla hujamenya uzi wa kwanza, uliza chombo cha vipande vya kioo kiko wapi. Kipande kikiingia kidoleni ni vigumu kukiona, na hutakiwi kula wala kugusa jicho mpaka umenawa.