Pikapu ya kabureta inakula mafuta: tuanzie wapi?

SWALI: Ndugu mhariri wa ukurasa wa magari, mimi ni mfanyabiashara wa viazi hapa Mbeya. Mwaka jana nilinunua jijini Dar es Salaam pikapu ya Toyota Hilux ya miaka ya 1980, yenye injini ya petroli ya 2Y na kabureta. Muuzaji aliniambia kuwa inakwenda kilomita 9 kwa lita, lakini tangu niilete huku haizidi kilomita 6. Moshi wake unanuka petroli na plagi zinatoka nyeusi. Mafundi wawili wameshazungusha skrubu ya kabureta bila mafanikio, na wa tatu ananishauri ninunue kabureta mpya. Nifanyeje?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Ndugu msomaji, usinunue kabureta kwanza. Zile kilomita 9 ni maneno ya muuzaji na hatuwezi kuzijengea hesabu, lakini plagi nyeusi na harufu ya petroli kwenye moshi ni ushahidi wa kutosha kwamba injini yako inapewa petroli nyingi kuliko hewa inayoipata.

Sehemu ya tatizo hilo imetokana na safari yenyewe ya kutoka pwani. Ili petroli iungue yote, kilo 1 huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa, ambayo ni sawa na kusema kuwa lita 1 ya petroli hutaka kama lita 9,000 za hewa ya Dar es Salaam. Mji wa Mbeya uko takriban meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15, hivyo lita ileile hutaka zaidi ya lita 10,000. Magari ya siku hizi yana kompyuta inayopunguza petroli kila hewa inapopungua. Kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, hupima petroli kwa tundu la jeti, yaani kijipande kidogo kinachopitisha petroli, na tundu hilo halibadiliki gari linapopanda mlima. Matokeo yake ni kwamba jeti iliyofaa pwani huzidisha petroli kwa takriban asilimia 8 huko uliko.

Hata hivyo, asilimia 8 peke yake haiwezi kuziua plagi zako namna hiyo. Ipo kasoro nyingine, na ninakusihi uitafute kabla hujagusa jeti.

Anza na themostati. Mafundi wengi huitoa injini inapochemsha na hawairudishi tena, na kwa gari lililoishi Dar es Salaam ningeshangaa kama ingekuwa bado ipo. Kazi yake ni kuyazuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka yafike joto la nyuzi 80 hivi. Isipokuwepo, hasa katika baridi ya Mbeya ya mwezi Juni na Julai, injini hutembea safari nzima bila kupata joto lake. Petroli huganda kama matone kwenye kuta za njia ya hewa badala ya kuwa mvuke, na sehemu yake huosha oili kwenye silinda. Themostati ni kifaa cha bei ndogo, na iwapo injini itachemsha baada ya kuirudisha, basi rejeta au pampu ya maji ndiyo inayohitaji matengenezo.

Injini ikiwa ya moto, fungua kifuniko cha chujio la hewa na utazame ndani ya mdomo wa kabureta. Kibati cha choki, kinachoziba hewa wakati wa kuwasha injini ya baridi, kinatakiwa sasa kiwe kimesimama wima kabisa. Mara nyingi waya wa choki hushika kutu ndani ya mpira wake, ukasukuma kitufe hadi mwisho huku kibati kikiwa kimebaki nusu. Wakati uko hapo, liangalie na chujio lenyewe, kwa kuwa vumbi la barabara za mashambani hulijaza mapema kuliko wengi wanavyodhani.

Kabureta nyingi za Toyota za enzi hizo zina kidirisha cha kioo ubavuni. Kifute, uegeshe gari mahali tambarare, uwashe injini na utazame petroli imefika wapi: inatakiwa iwe katikati, kwenye alama. Ikiwa imepanda juu yake, boya linaloelea humo ndani limetoboka au sindano inayofunga petroli imelika, na hapo seti ya matengenezo ya kabureta itatosha. Chomoa pia kijiti cha oili na ukinuse. Kikinuka petroli, huenda mpira wa ndani wa pampu ya petroli umechanika na mafuta unayoyalipia yanaingia kwenye oili. Jambo hilo lisisubiri, kwa sababu oili iliyochanganyika na petroli huimaliza injini.

Kuhusu ile skrubu, wakubalie mafundi wako kuwa inafanya kazi, ila inahusika na sailensa tu, yaani injini inapounguruma gari likiwa limesimama. Ukishakanyaga mafuta na gari likashika mwendo, petroli karibu yote hupita kwenye jeti kuu, ambayo skrubu hiyo haiigusi. Ndiyo maana wameizungusha na safari ya shambani haikubadilika.

Kuna kifaa kimoja ambacho mafundi hukisahau, nacho ni kile kikopo cha bati kilichobandikwa kwenye distributa (kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa plagi) na kuunganishwa na kabureta kwa mpira mwembamba. Kazi yake ni kuwahisha cheche gari linapotembea bila kukanyagwa sana. Chomoa mpira huo upande wa kabureta na uufyonze kwa mdomo, mwenzako akiwa amefungua kifuniko cha distributa. Ukiona sahani ya ndani inasogea na ulimi wako unabaki umenaswa kwenye mpira, kifaa ni kizima. Ukifyonza hewa tupu, utando wake umechanika, cheche inachelewa, na petroli inaungua wakati pistoni imeshaanza kushuka.

Baada ya hayo yote, jaza tangi hadi pampu ijikate yenyewe, uandike kilomita, utembee walau kilomita 200 kwa njia yako na mzigo wako wa kawaida, kisha ujaze tena kwenye pampu ileile na ugawe kilomita ulizotembea kwa lita zilizoingia. Kama matairi yako ni makubwa kuliko ya kiwandani, kumbuka kwamba mita inahesabu kilomita pungufu.

Plagi zikiendelea kuwa nyeusi, hapo sasa tafuta jeti kuu iliyo ndogo kwa saizi moja. Namba yake imechongwa juu yake. Usikubali kamwe fundi apitishe uzi wa waya wa shaba ndani ya jeti ya zamani, kwa kuwa hakuna anayejua amepunguza kiasi gani, na petroli ikipungua kupita kiasi valvu huungua. Plagi ikiwa na rangi ya kahawia iliyofifia, umefika. Lakini kama unashusha viazi Dar es Salaam mara kwa mara, iache jeti ya mwanzo, maana ile ndogo itakuwa na njaa pwani ukiwa na mzigo.

SWALI: Nimeonyeshwa sumaku za kufunga kwenye mpira wa petroli ambazo muuzaji anadai zinapunguza ulaji wa mafuta. Je, zinafaa kwa pikapu ya kabureta?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Usizinunue. Petroli haivutwi na sumaku kwa kiasi chochote kinachoweza kubadilisha namna inavyoungua. Wakala wa mazingira wa Marekani, EPA, umechunguza zaidi ya vifaa 100 vya aina mbalimbali vinavyodaiwa kuokoa mafuta, na haukupata hata kimoja kinacholeta nafuu kubwa. Tumia fedha hizo kununua plagi mpya na kujaza upepo matairi.

SWALI: Ninaposhuka mlima Kitonga huwa natoa gia ili kuokoa petroli. Mwenzangu anasema nakosea. Nani yuko sahihi?
Msomaji, Iringa

JIBU: Mwenzako ndiye aliye sahihi, na ninakuomba uache tabia hiyo leo. Ukitoa gia, injini inaendelea kunywa petroli ya sailensa, kwa hiyo unachookoa mteremko mzima ni kidogo mno, huku uzito wote wa gari na mzigo ukibebwa na breki peke yake. Breki zikishapata moto hazishiki, na Kitonga hakuna pa kukimbilia. Shuka kwa gia ambayo ungeitumia kupandia. Kama unataka kuokoa petroli kwa kweli, punguza mwendo kwenye tambarare za Mafinga kutoka kilomita 100 kwa saa hadi 80, kwa sababu pikapu yenye bodi wazi na keria juu hupambana na upepo sana, na nguvu ya upepo huo huongezeka kwa zaidi ya nusu kati ya mwendo huo mdogo na ule mkubwa.