Barua kwa mwanangu: nembo unayo tayari

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, na mama yako anakusalimu sana. Mkoba uliomletea haumtoki begani.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema biashara ya mikoba imeingia mwaka wa pili, wateja wanakusifu, lakini mmoja wao akiulizwa kaununua wapi mkoba wake anajibu, "Kwa dada mmoja hivi." Ukaniuliza: utoe akiba yako yote umlipe msanifu akuchoree nembo, ili na wewe uwe na chapa? Umeniuliza mimi kwa sababu unajua nimezeekea kwenye matbaa, nikichapa nembo za watu. Basi nitakujibu kama mchapaji, ubaba tuuweke kando kidogo.

Akiba yako iache ilipo.

Jana nimeuazima mkoba wa mama yako (kwa taabu) nikauweka mezani chini ya taa. Lebo iliyoshonwa ndani ina majina yako mawili kamili, kwa uzi wa dhahabu. Stakabadhi iliyokuja nao ina herufi mbili tu za mwanzo, kwa wino wa bluu. Nikafungua ukurasa wako kwenye simu, nikakuta jina la tatu kabisa, lina tarakimu mwishoni, na kila kitu humo ni zambarau. Majina matatu, rangi tatu, mtu mmoja. Huyo anayejibu "dada mmoja hivi" hana kosa. Ulitaka ashike lipi?

Najua utanijibu kwamba kizuri chajiuza. Ni kweli, na chako kimejiuza. Ila mtu akitaka kurudi, au kumwelekeza shoga yake, lazima awe na kitu cha kukutambulia, na kitu hicho kiwe kilekile kila anapokutana nawe. Nembo peke yake haifanyi kazi hiyo. Ule mstari uliopinda wa Nike, kampuni ya viatu, aliuchora mwanafunzi wa usanifu, Carolyn Davidson, mwaka 1971, akalipwa dola 35. Baadaye kampuni ilimpa hisa, lakini siku ile ulikuwa mchoro tu kama michoro mingine. Kilichoupa uzito ni kubandikwa kwenye kiatu baada ya kiatu, miaka nenda rudi. Na maandishi ya Coca-Cola unayoyajua yaliandikwa na mtunza hesabu wa biashara hiyo, Frank Robinson, mwaka 1886.

Lakini kinachokuhusu zaidi ni chupa yao. Mwaka 1915 watengenezaji wa chupa walitakiwa kubuni moja ambayo mtu ataitambua kwa kuipapasa gizani, au hata akiikuta imevunjika chini. Hebu lifikirie sharti hilo. Hakuna jina wala rangi, ni umbo tu mkononi.

Nami nikajaribu. Nikaifunika lebo yako kwa kidole gumba, nikajiuliza kama bado ningejua mkoba huu umeushona wewe. Ningejua, mwanangu. Pale mkanda unapokutana na mfuko umepitisha uzi mwekundu, mishono mitatu ya mshazari, imekazwa kiasi kwamba ukucha hauingii. Nimemuuliza mama yako, naye anasema mikoba yote uliyowahi kumwonyesha ina mishono hiyo. Hata ule wa kwanza, uliopinda! Sasa kwa nini haipo kwenye stakabadhi? Kwa nini kwenye picha unazoweka simuni umepiga upande wa mbele tu, mishono haionekani? Alama yako unayo tayari, umeificha.

Ichukue mishono hiyo mitatu. Mistari mitatu myekundu ya mshazari, na jina moja pembeni. Hiyo mtu anaweza kuichora vumbini kwa kijiti, na nembo ambayo haichoreki vumbini mimi huitilia shaka. Ijaribu kwa wino mweusi mtupu, ijaribu ikiwa ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Ikisomeka, inatosha.

Hapo ndipo umtafute msanifu, kwa kazi ndogo na malipo madogo, akunyooshee mistari. Ukimlipa, usiondoke bila faili la vekta, lile ambalo hata ukilikuza kufikia ukubwa wa ukuta kingo zake hazichakai. Nimeshuhudia wateja wakiniletea nembo iliyopigwa picha kwa simu, wakitaka bango la mita tatu. Nikiwaambia itatoka imemeguka kama mkate uliokauka, hunitazama kana kwamba mtambo wangu ndio mbovu. Mwambie pia akupe vipimo vya ule wekundu mara mbili: vya kioo na vya karatasi. Simu hutengeneza rangi kwa mwanga, sisi hutengeneza kwa wino, na rangi inayong'aa kwenye kioo mara nyingi hufifia ikifika karatasini. Zambarau ndiyo hasa iliyonitoa jasho maisha yangu yote, kwa hiyo nitafurahi ukiiacha.

Kuhusu jina: mpigie simu mtu asiyekujua, mtamkie mara moja, mwombe aliandike. Akikosea, badilisha sasa, ungali mdogo. Kisha ulitafute kwenye sajili ya alama za biashara ya nchi unakouzia, kwa sababu kusajili jina la biashara si sawa na kusajili alama yake, na ulinzi wa alama huishia katika nchi ilikosajiliwa. Katika usajili huo, bidhaa na huduma zimegawanywa katika madaraja 45 yanayotumika karibu dunia nzima. Mikoba iko daraja la 18. Anzia hapo.

Nikuambie na kosa langu. Matbaa ilipofikisha miaka kumi nilichoka kulitazama bango letu, nikalibadilisha lote, herufi na rangi. Nililiona zuri sana. Kwa miezi kadhaa wateja wa zamani wakawa wanapita mlangoni bila kuingia, na mmoja aliponikuta njiani alinipa pole kwa kuuza biashara. Nilikuwa nimechoshwa na kitu ambacho wao ndio kwanza walikuwa wamekizoea. Wakubwa nao huteleza hapohapo: Gap, kampuni ya nguo ya Marekani, walibadilisha nembo yao Oktoba 2010, watu wakaja juu, na wiki moja baadaye wakairudisha ile ya zamani. Wao walikuwa na fedha za kufuta kosa. Mimi nilipaka bango upya kwa mkono wangu, usiku.

Kwa hiyo ukishaichagua, kaa nayo hata ikikuchosha.

Jambo jingine, na usikasirike. Zipu ya mkoba wa mama yako imeanza kukwama karibu na kona ya kulia. Amenikataza nisikuambie. Ningependa kujua mteja mwingine akikwambia hivyo unamjibu nini na unaitengeneza kwa siku ngapi, maana na hilo lazima liwe jibu moja kwa kila mtu. Niandikie nifahamu, na uweke na picha ya ile mishono, kwa karibu.

Mimi baba yako