Kadi ya mpiga kura haitoshi kwa uchaguzi wa mtaa

Ndugu, umeuliza kuhusu uchaguzi wa mtaa na wa meya. Hapa Tanzania, kadi uliyopigia kura ya rais haikuingizi kwenye uchaguzi wa mtaa. Ni daftari jingine kabisa! Unajiandikisha upya kwenye orodha ya mtaa unaoishi, ukiwa umetimiza miaka 18. Mwaka 2024 uandikishaji ulikuwa Oktoba 11 hadi 20 tu, kura Novemba 27. Wengi walikuja na kadi zao mkononi wakakuta majina hayamo.

Orodha ikibandikwa, nenda kalitafute jina lako mapema. Siku ya kura ya mtaa unachagua mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wake. Diwani ni siku ya uchaguzi mkuu, na meya uliyemuulizia (hata mimi nilidhani tunampigia) huchaguliwa na madiwani wenyewe.