Kava ya gemu ni kibao cha daladala, sio maandishi ya kioo cha nyuma

Mkuu mtoa mada, shida yako nimeielewa. Umetengeneza gemu ya kufuga kuku wa mayai, dizaina umemlipa hela ya maana, kava imetoka kali, mkulima kasimama kakunja mikono jua linazama nyuma yake, halafu kule Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, watu wanaipita kama hawajaiona. Pole aisee. Mi yalinikuta haya haya tena na aibu juu, nimebadilisha kava mara tatu kwa gemu moja ndo nikaelewa, ngoja nikusimulie.

Gemu yangu ni ya kuendesha banda la chipsi. Unanunua gunia la viazi, unamenya, unawasha mkaa, saa mbili usiku wateja wanajaa, mafuta yanakuishia katikati na kuna mtu anataka mayai mawili ana hela ya moja. Nikaiita Zege, maana kwa sisi wa Dar zege ni chipsi mayai hakuna mjadala. Kava ya kwanza nikachora mji usiku, maghorofa ya Posta, taa zinaakisi baharini, banda lenyewe nimeliweka kona ya chini kulia, na jina kwa fonti nyembamba ya kistaarabu. Kwenye monita yangu ilikuwa inatisha kwa uzuri. Mtu wa kwanza kumtumia ni jamaa yangu fundi ujenzi wa Tabata, akanijibu "hongera mwanangu, gemu ya ujenzi hiyo lazima niicheze". Zege! Na maghorofa nyuma! Nilicheka lakini usingizi siku hiyo sikupata.

Kosa la pili nilikuja kuliona nilipoikuta dukani. Yaani sisi tunachora kitu kikubwa tunakizoea kikiwa kikubwa, mteja anakutana nacho kikiwa kama stempu. Steam ile kava ndogo wanataka uipandishe pikseli 462 kwa 174, ila kwenye orodha na kwenye kutafuta inaonekana nusu yake au chini ya hapo, kuna sehemu inashuka mpaka 120 kwa 45, hiyo ni ndogo kuliko kitufe. Mji wangu wa usiku ukawa tope jeusi. Na ubaya mwingine, kurasa za Steam zenyewe ni za buluu ya giza, kwa hiyo mimi nilikuwa nimeuza usiku ndani ya usiku.

Ndo nikakumbuka kituoni. Simama Buguruni saa kumi na mbili jioni uone watu wanavyopanda gari. Daladala ikiwa bado iko mbali mtu kashajua ni yake au sio yake, kaangalia rangi ya ule mstari ubavuni na kibao cha mbele, basi, kashaanza kukimbia. Yale maandishi ya kioo cha nyuma, mafumbo na majina ya timu, unayasoma ukiwa umekwama foleni nyuma yake, yaani wakati huna pa kwenda. Kava ni kibao. Stori ya mhusika wako, machweo, hisia, hizo peleka kwenye skrinshoti na kwenye video, huko mtu kashaingia ana muda wa kusoma.

Kava ya pili sasa, nikaruka upande wa pili. Nikaweka kikaango tu, kimejaa, mayai yanameta, njano tupu. Hiyo ilionekana hata ikiwa ndogo, inatamanisha kinoma, nami nikajiona nimemaliza. Nikamwonyesha dada mmoja anauza vocha pale mtaani kwetu nikamuuliza hii ni nini, akasema ni app ya mapishi. Na alikuwa sahihi kabisa! Hapa ndo kwenye kiini cha gemu za simulesheni, hizi za kuigiza kazi halisi, na watu wengi tunapateleza. Gemu ya mapigano ukiweka mtu kashika bunduki imeisha hiyo. Gemu ya simulesheni mchezaji hanunui mhusika wala hanunui kitu, ananunua KAZI, anataka ajue kwa jicho moja atakuwa anafanya nini na mikono yake. Angalia Euro Truck Simulator 2, iko sokoni tangu 2012, wao wanakuwekea lori limejaa mbele, dereva hata humwoni, kwa sababu dereva ni wewe. PowerWash Simulator ni mtu na bomba la maji anaosha, umemaliza, umeshaelewa gemu nzima. Sasa chakula kitupu kinasema "kula", hakisemi "endesha biashara".

Ya tatu ndo iko mpaka leo. Imechorwa kutokea upande wa muuzaji: mikono miwili imeshika kikaango na mwiko, kikaango kiko katikati na ni kikubwa, mbele yake mikono minne ya wateja imenyoosha noti za elfu moja. Hakuna sura hata moja. Njano ya chipsi juu ya nyekundu ya mkaa, buluu iko kwenye zile noti tu. Jina nene lina ukingo mweusi, na chini yake nikaongeza "Banda la Chipsi" kama sehemu rasmi ya jina ili mafundi ujenzi wasinijie tena. Mibofyo ilipanda, ila siwezi kukudanganya kwa namba maana wiki ile ile niliweka na demo mpya, kile kipande cha watu kujaribu gemu, siwezi kujua kipi kilileta nini.

Dizaina wangu kwenye hii ya tatu alikuwa kijana aliyekulia kwenye uchoraji wa Tingatinga, na mwanzo nilimkatalia, nikaona atanipa kava ya kuuzia watalii. Akanielekeza kitu. Mzee Edward Saidi Tingatinga alipoanza mwaka 1968 huku Dar alikuwa anachora kwa rangi za mafuta za madukani, mnyama mmoja mkubwa, mandhari ya nyuma tupu ya rangi moja, umbo limekatwa wazi. Ukiipunguza picha ya hivyo mpaka ikawa kama kucha bado unajua huyu ni chui. Zile zilizojaa ndege sitini na miti na mlima, zimekuja baadaye, hizo punguza uone zinavyogeuka pilau. Sikumwambia achore Tingatinga, nilimwambia achukue hiyo hesabu.

Mambo ya haraka haraka. Usichore picha moja ukaikatakata kwa kila saizi, ile ya kichwa cha ukurasa ni 920 kwa 430 imelala, ya wima ni 748 kwa 896 imesimama, mkulima wako atakatwa miguu. Mwambie dizaina akupe kila kitu kwenye tabaka zake, yaani kuku mbali, jina mbali, upange upya, na kwenye ile ndogo kabisa acha jina lijaze karibu nafasi yote. Usiandike "punguzo" wala nyota wala tuzo juu ya kava, Steam walikataza tangu tarehe 1 Septemba 2022. Ukitumia AI ujue tangu Januari 2024 wanakutaka useme, na wachezaji wana macho, wataona kuku wa miguu mitatu kabla yako. Ukienda na Play Store ikoni ni 512 kwa 512, usihangaike kubana jina humo, ila kule wana kitu kizuri, unaweza kuweka ikoni mbili zishindane kwa watumiaji wa kweli.

Na kupima, usiwaulize watu "imekaaje". Dar hii kila mtu atakwambia kali sana mkuu, ni adabu tu, hakuna atakayekuvunja moyo usoni. Iweke kava kama picha ya grupu la WhatsApp, mwonyeshe mtu asiyejua chochote, hesabu moja mbili, zima simu, umuulize "humo ndani unafanya nini?". Akianza kusema "eeh kuna jamaa..." bado hujafika. Halafu igeuze nyeusi na nyeupe, kama jina limezama kwenye mandhari rangi zilikuwa zinakudanganya.

Kwa yako, mkulima mtoe. Hata machweo toa, roho itauma najua, umelipia. Mi ningeweka trei za mayai zimepangana kwenda juu mpaka zinakaribia kuanguka, mkono unaongeza moja, na kuku mmoja mkubwa anakuangalia kwa hasira. Mfuga kuku yeyote akiona trei anajua hapo kuna hesabu. Jaribu hata kwa mchoro wa penseli kwanza kabla hujamlipa mtu tena, halafu uipandishe hapa ikiwa ndogo hivyo hivyo, ile kubwa baki nayo.